Mashine ya Kutobolea Barafu Ikigoma: Tafuta Maji Kwanza

Asubuhi moja ya Januari nilikuwa juu ya barafu ya ziwa Mille Lacs, jimboni Minnesota, Marekani, nikitoboa matundu ya kuvulia samaki, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kaskazini ya Minneapolis. Baridi ilikuwa nyuzi 24 za Selsiasi chini ya sifuri. Mashine iliwaka nilipovuta kamba mara ya tatu, ikatoboa tundu la kwanza bila shida, ikaingia la pili, kisha sauti ikaanza kufifia kama mtu anayeishiwa pumzi. Ikazima. Nikangoja kidogo, nikavuta, ikawaka. Dakika mbili, ikazima tena.

Nilibadilisha plagi, ile inayotoa cheche. Haikusaidia. Nikashika bisibisi nikaanza kuzungusha skrubu za kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mara kulia mara kushoto, mpaka sikukumbuka zilikuwa zimekaaje mwanzo. Mdogo wangu, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu afike kutoka Mwanza, alikuwa ameacha kulalamika kuhusu vidole vya miguu, na hilo lilinitia hofu zaidi kuliko malalamiko yenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akivua jirani akatembea hadi tulipo. Hakugusa plagi wala kabureta. Alilegeza kifuniko cha tangi la petroli, na sote watatu tukasikia hewa ikiingia kwa mlio: fsss. Akakifungua kabisa, akatuonyesha kipande cha barafu kidogo kuliko punje ya mchele, kimeziba tundu la hewa la kifuniko. Akakitia ndani ya koti, chini ya kwapa, tukasimama kimya kama dakika tano. Alipokirudisha, mashine ilifanya kazi hadi jioni.

Tupo wengi sasa tuliotoka Afrika Mashariki tukaishia huku kaskazini, na baadhi yetu tumeupenda uvuvi wa barafu kwa moyo wote. Wengi hununua mashine iliyokwisha kutumika, wanaipeleka ziwani, inawagomea, wanarudi nyumbani wakisema ni mbovu. Mara nyingi si mbovu. Nimetengeneza za kwangu na za marafiki kwa misimu kadhaa sasa, na ninachoamini ni hiki: kwenye baridi kali, kabla ya kulaumu injini, tafuta maji yameganda wapi.

Kwa asiyeijua mashine hii, ni injini ndogo ya petroli yenye mikono miwili ya kushikia, na chini yake limefungwa chuma refu lililojipinda kama skrubu kubwa, lenye visu nchani. Hutoboa tundu la upana wa inchi 8 au 10. Injini nyingi ni za stroki mbili, yaani zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, cc 33 hadi 52 hivi, ndugu kabisa wa zile mashine zinazopachikwa nyuma ya mitumbwi ya wavuvi kwetu. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa mashine hizo pale Mwanza, na alikuwa akisema, "Mwanangu, mashine inataka vitu vitatu: mafuta, moto na pumzi. Jiulize kipi kimekosekana kabla hujashika spana." Kule adui alikuwa mchanga na mafuta machafu. Huku adui ni maji, ila yamevaa nguo nyingine.

Nianze na pumzi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Kila tone la petroli linalotoka kwenye tangi lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Tundu la kifuniko likiziba, tangi linaanza kujivuta lenyewe na petroli inakataa kushuka. Dalili yake ni hii: inawaka vizuri, inafanya kazi dakika moja au mbili, inalegea, inazima, na ukiiacha ipumzike inawaka tena. Ukiona hivyo, legeza kifuniko usikilize. Ikilia, umepata jibu. Kipashe moto mwilini, kikaushe, kirudishe. Usithubutu kutoboa huku kifuniko kimelegea, kwani petroli itamwagikia silensa yenye moto.

Kisha tazama filta ya hewa. Mashine inapofika chini na kupasua barafu, maji hupanda pamoja na vipande vya barafu na kurukia injini. Halafu sisi tunailaza juu ya theluji. Theluji inaingia kwenye filta, joto la injini linaiyeyusha, na injini ikipoa maji yale yanaganda upya. Filta ya sponji ikishakuwa gumu kama kipande cha mbao, injini itavuta wapi pumzi? Ninatembea na brashi ndogo ya rangi, ya inchi 2, na kila baada ya tundu napangusa theluji yote kwenye injini kabla haijayeyuka. Nusu dakika tu, na hakuna tabia nyingine iliyoniokoa mara nyingi kama hiyo.

Kuna barafu nyingine inayojitengeneza ndani ya kabureta yenyewe. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto, na unyevu wa hewa hugandia kwenye koo la kabureta. Watu hudhani hili hutokea siku za baridi kali kabisa. La, siku hizo hewa ni kavu. Hutokea zaidi siku laini, karibu na sifuri, theluji inapoanguka na hewa imejaa unyevunyevu. Injini inapoteza nguvu polepole, unaizima, unakaa dakika kadhaa, joto la silinda linapanda na kuyeyusha, inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Siku kama hizo usiiache ikinguruma taratibu bila kazi. Toboa matundu yako yote kwa mkupuo, kisha uizime.

Na hapa kuna kosa ambalo kila mgeni hulifanya kwa nia njema: kuiingiza mashine ndani ya kibanda chenye hita ili "ipate joto". Chuma baridi kikikutana na hewa ya moto yenye pumzi za watu na mvuke wa chai, kinatoa jasho, nje na ndani. Ukiitoa tena, jasho lile linaganda kwenye swichi, kwenye kamba ya kuwashia, kwenye waya wa resi. Ikishakuwa baridi iache ibaki baridi. Ifunike tu isirushiwe matope ya chumvi barabarani wala theluji.

Mafuta sasa. Petroli ya kawaida hapa Minnesota ina ethanoli asilimia 10, na ethanoli hupenda maji. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na ikizidiwa, hutengana na petroli na kutuama chini ya tangi pamoja na yale maji. Mpira unaonyonya mafuta nao uko chini. Katika injini ya stroki mbili ubaya unazidi, maana mchanganyiko ule wa chini hauna oili ya kutosha kulainisha pistoni. Vituo vingi hapa huuza petroli ya premiamu isiyo na ethanoli, inayoruhusiwa kwa boti, mashine ndogo na magari ya kale. Ni ghali kidogo. Inunue. Galoni moja itakutosha siku nyingi za uvuvi.

Jambo jingine ni tarehe. Viwanda hubadilisha petroli kulingana na majira, na ya baridi hutengenezwa iwe nyepesi zaidi kugeuka mvuke. Petroli iliyobaki kwenye dumu lako tangu ukate nyasi mwezi wa Julai ni petroli ya kiangazi, tena imezeeka. Katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri haitoi mvuke wa kutosha kushika moto, na utavuta kamba mpaka bega litoke. Mafuta ya Desemba yanunuliwe Desemba.

Kuchanganya oili fanya nyumbani, mahali penye joto. Kipimo kikiwa 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kikiwa 40 kwa 1, ni mililita 25. Fuata kilichoandikwa kwenye mashine yako, si alichokuambia rafiki. Oili baridi ni nzito kama asali na huzama, kwa hiyo tikisa dumu tena kabla ya kumimina.

Unapomimina, vaa glavu zisizopitisha mafuta. Naomba hili lisichukuliwe kijuujuu. Petroli haigandi kwenye baridi hii. Inakuwa na baridi ileile ya nje, na ikigusa ngozi inageuka mvuke na kuondoka na joto la mwili. Kumwagikiwa vidoleni kwa nyuzi 24 chini ya sifuri kunaweza kuigandisha ngozi upesi sana.

Ukitaka kujua kama shida ni mafuta au moto, ifungue plagi uitazame. Plagi kavu baada ya kuvuta mara kumi ina maana mafuta hayafiki: angalia filta ndogo ndani ya tangi, mpira wa mafuta, na kile kipira cha kubonyeza ambacho baridi hukipasua. Tia matone machache ya mafuta kwenye tundu la plagi, rudisha, vuta. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, umethibitisha. Plagi iliyolowa chepechepe ni habari nyingine: umeinywesha mno. Zima swichi, toa plagi, vuta kamba mara kumi ili silinda ipumue, weka plagi kavu, fungua choki kabisa ili hewa ipite, vuta huku umebana resi yote. Mimi hubeba plagi ya akiba kwenye mfuko wa ndani wa shati, maana plagi yenye joto la mwili huisaidia injini kushika.

Kupima moto, egemeza plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na mafuta, uvute. Usipoona cheche, usikimbilie kununua koili, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche. Anza na swichi ya kuzimia. Maji yakigandia ndani yake yanaweza kuiunganisha kana kwamba umeizima, na kofia ya plagi ikiingia barafu moto hupotelea njiani. Vikaushe vyote viwili kwanza.

Mashine inayowaka kwa choki tu na kuzima ukiifungua kwa kawaida inakosa mafuta ya kutosha, na mara nyingi ni kiwambo cha mpira ndani ya kabureta kilichokauka. Hewa baridi nayo ni nzito, hivyo injini iliyorekebishwa wakati wa joto huhitaji mafuta kidogo zaidi. Lakini kiwambo hubadilishwa mezani nyumbani, jioni, penye taa. Ziwani vidole haviwezi, na skrubu moja ikianguka kwenye theluji imekwenda.

Wakati mwingine injini inanguruma vizuri lakini barafu haikatwi, chuma kinazunguka tu juu yake. Watu husema visu vimekwisha makali. Vitazame kwanza: ngozi nyembamba ya barafu ikivifunika, havigusi kitu. Usivigonge, utaviharibu ncha. Vichovye kwenye tundu ulilokwisha toboa, au vimwagie maji moto kutoka kwenye chupa ya chai, kisha zungusha mashine hewani sekunde chache yakauke. Na usiiache imesimama ndani ya tundu ukaenda kunywa chai, ukirudi ziwa litakuwa limeishika.

Mashine ya petroli haiwashwi ndani ya hema wala kibanda, hata kwa tundu moja, hata mlango ukiwa wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na mtu aliyechoka na baridi huona usingizi wake ni wa kawaida. Toboa kwanza, kisha simika hema juu ya matundu. Kuhusu barafu yenyewe, idara ya maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4 za barafu mpya iliyo safi kwa mtu anayetembea kwa miguu, nayo hiyohiyo inasema hakuna barafu iliyo salama kabisa. Hakikisha unapima kila unaposogea.

Usiku kabla ya safari ninaiwasha nje ya gereji, ikiwa imelala kwenye baridi tangu jana yake. Isipowaka hapo, haitawaka ziwani. Kabla ya kuiwasha nazima swichi na kuvuta kamba polepole mara tano sita ili oili na grisi zilegee. Ndani ya boksi kuna plagi mbili, spana ya plagi, brashi, kitambaa kikavu, bisibisi, kifuniko cha akiba cha tangi, na chupa ya maji moto. Kifuniko kile cha akiba mdogo wangu ndiye aliyekinunua, wiki ileile, kwa mshahara wake wa kwanza huku.