Jibu: Kitako cha kurekebishika kwa bunduki ya kuwindia

Habari za jioni, ndugu. Umeeleza kwamba ukilaza shavu kwenye kitako cha bunduki yako (sehemu ya nyuma inayoegemea begani), darubini iliyofungwa juu yake inaonyesha kivuli cheusi ukingoni, na unauliza ununue kitako cha kurekebishika cha aina gani.

Kwanza hakikisha chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na magazini (kihifadhi cha risasi) hazina risasi, kisha ipandishe bunduki begani ukiwa umefumba macho, ulaze shavu bila kujikaza, halafu ufumbue. Ukilazimika kuinua kichwa ndipo uone duara zima la darubini bila kivuli, tatizo ni kimo cha sehemu ya shavu. Ukilazimika kukisogeza mbele au nyuma, tatizo ni urefu wa kitako au mahali darubini ilipofungwa, na hilo la mwisho hurekebishwa bila kununua kitako.

Kwangu lilikuwa kimo. Nilinunua kitako, nikapandisha sehemu ya shavu hadi jicho likakaa sawa, kumbe boliti (kipande cha chuma kinachovutwa nyuma kutoa ganda na kusukumwa mbele kuingiza risasi) ikivutwa nyuma inaigonga sehemu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, vuta boliti hadi mwisho, na uthibitishe kwamba kitako kimechongwa kwa modeli ya bunduki yako hasa.

Kitikise pia: kikicheza hata kidogo, kiache, hata kama bei inavutia. Kwa sisi tunaoishi Dar es Salaam, ambako hewa ya bahari hula chuma upesi, mimi huchagua skrubu za chuma kisichoshika kutu, zinazokazwa kwa ufunguo, kwa kuwa vitufe vya kubonyeza huweza kukwama mchanga ukiingia.