Re: Picha za Suecia Antiqua zinaaminika?

Mkuu, umeuliza kama picha za Suecia Antiqua et Hodierna, kile kitabu cha mandhari ya Uswidi ya karne ya 17, zinaonyesha mambo yalivyokuwa kweli. Nusu nusu. Erik Dahlbergh, mchoraji wake, alipewa kibali cha mfalme mwaka 1661, na shabaha ilikuwa Ulaya ione kwamba Uswidi si nchi ya kubezwa. Basi bwana akapamba: bustani zimenyooka kupita kiasi, na baadhi ya majumba yamechorwa yamekamilika wakati hata ujenzi haujaisha. Alifariki 1703, kitabu hakijatoka.

Ila usizidharau. Kasri la Tre Kronor la Stockholm liliteketea 1697, na anayetaka kujua minara yake ilikaaje lazima arudi kwenye picha hizi.

Sasa, ile karatasi ya picha hizi unayotaka kununua: kujua kama ni ya kale kweli, pitisha kidole pembezoni. Bamba la shaba la kuchapia picha likikandamizwa kwenye karatasi huacha mbonyeo kuzunguka picha. Kama kingo zimekatwa, chukua lensi: ukiona vitone badala ya mistari, hiyo ni nakala ya juzi tu, usitoe hela ya maana.