Nyumba ya Dodoma hukaguliwa kuanzia bombani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana waliorejea nchini na kukuta kazi ziko Dodoma, mji ambao hawakuwahi kuishi. Tunajibu nne. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye barua yuko mbioni kutoa fedha.

SWALI: Sisi ni mke na mume, tumeishi Hamburg miaka mitano. Mke wangu amepata kazi Mji wa Serikali, Mtumba. Mimi naendelea na kazi yangu ya kompyuta nikiwa nyumbani. Tumekulia Tanga wote wawili, hapa hatuna ndugu. Dalali ametuonesha nyumba tatu, zote zina vigae na dari nzuri, na anasema tusipolipa kodi ya mwaka mzima wiki hii zitakwenda. Tuangalie nini? (Wageni wa Ipagala)

JIBU: Karibuni nyumbani, na hongereni kwa kazi. Msilipe wiki hii. Rudini kwenye nyumba zote tatu bila dalali, mara moja asubuhi na mara moja saa mbili usiku, na cha kwanza kuulizia kiwe maji. Muulizeni jirani, si mwenye nyumba: maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, hutoka siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho yalipokatika yalikaa siku ngapi? Dodoma ni nchi kame. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mji kwa sehemu kubwa unakunywa visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Watu wameongezeka haraka tangu Serikali ihamie, kwa hiyo mgao upo, na haufanani mtaa kwa mtaa. Nyumba mbili zinazotenganishwa na barabara moja zinaweza kuwa na ratiba tofauti kabisa.

Kisha pigeni hesabu. Mtu mmoja anayeoga, kupika, kufua na kuvuta choo cha maji anatumia lita 80 hadi 100 kwa siku. Ninyi wawili ni lita 200. Maji yakitoka mara mbili kwa wiki, mnahitaji akiba ya siku nne, yaani lita 800, na juu yake akiba ya mgao ukiruka zamu moja. Hapo simtanki la lita 1,000 halitoshi. Takeni nyumba yenye lita 2,000 au zaidi. Kuna sababu nyingine: mkikwama mtaagiza boza, na maboza mengi hubeba lita 5,000 na kuendelea. Mwenye tangi la lita 1,000 analipia safari nzima kwa maji yasiyo na pa kuingia, au anaambiwa atafute jirani wa kuchanga naye.

Tazameni tangi limekaa wapi. Lita 2,000 ni tani mbili. Likiwa juu ya mnara, kagueni nguzo na zege kama zina nyufa. Likiwa juu peke yake bila tangi la chini, ulizeni maji hulifikia vipi, maana maji ya mgao yanaweza kuja na msukumo mdogo usioweza kupanda mita nne. Mpangilio unaofaa ni tangi la chini linalopokea maji ya mamlaka, pampu ndogo, na tangi la juu linaloteremsha ndani. Pampu iwe na swichi ya boya ndani ya tangi la chini, ili maji yakiisha ijizime. Bila boya, pampu inazunguka kavu, sili yake inayopozwa na maji hayohayo inaungua, na mtakuja kulaumu fundi bure. Msikubali kamwe pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Hairuhusiwi, inawanyang'anya majirani maji, na bomba likiwa na ufa inanyonya na uchafu wa udongoni.

Mwisho wa maji ni ladha. Nyumba nyingine zina kisima chake, na mwenye nyumba atakisifia kwamba hakikauki. Onjeni. Chunguzeni shingo za koki na matundu ya shawa: ukoko mweupe mgumu unawaambia kwamba maji ni ya chumvi na chokaa. Sabuni haitatoa povu vizuri, hita ya bafuni itaungua waya mapema, na jagi la umeme litajaa magamba. Magamba yanatoka kwa siki: nusu siki nusu maji, chemsheni, acheni saa moja, suuzeni mara mbili. Lakini hita ya bafuni huwezi kuilowesha siki kila wiki. Kama nyumba ina kisima cha chumvi pekee, sisi tungeiacha hata kodi ikipunguzwa.

Umeme: ulizeni kama mita ya LUKU ni yenu peke yenu. Mita moja kwa wapangaji watatu huleta ugomvi, na tena huongeza gharama. Daraja la matumizi madogo, lenye uniti nafuu, lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi; nyumba tatu kwenye mita moja zinakipita mapema. Hata mkiwa peke yenu, angalieni hita. Hita ya kilowati 5.5 kwa dakika kumi hula uniti 0.9 hivi. Mkioga maji moto wawili kila siku, ni kama uniti 55 kwa mwezi kwa kuoga tu, na Juni na Julai Dodoma hamtaoga baridi, usiku wake una ubaridi wa kweli. Kupikia tumieni gesi. Nunueni umeme kidogo kabla ya kusaini mkataba, muone makato: kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, na malimbikizo ya aliyehama yatameza tokeni yenu ya kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Andikeni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Kwa kazi ya nyumbani, mume apime intaneti akiwa chumba atakachofanyia kazi, saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi, kwa laini za mitandao miwili tofauti. Kama faiba imefika mtaani, apate jibu hilo kwa jirani aliyeunganishwa, si kwa bango. Umeme ukikatika kompyuta ina betri yake. Kinachozimika ni ruta. Ruta ya volti 12 inayokula wati 12 inaweza kuendeshwa na betri ndogo ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa saba), kwa saa tatu na nusu bila kuimaliza betri zaidi ya nusu. Laini za simu zinasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, kwa hiyo NIDA itangulie kila kitu. Na kabla ya NIDA mtapita serikali ya mtaa kwa barua ya utambulisho. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa wiki ya kwanza; ni heshima, na ndipo karatasi nyingine zote zinapoanzia.

Kuhusu umbali, Mtumba iko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, barabara ya Dar es Salaam. Nyumba ya upande wa Nzuguni au Ihumwa inamweka mke njiani. Ya Nkuhungu au Kizota, upande wa Singida, inamvusha mji mzima asubuhi na jioni. Apande daladala siku moja ya kazi kutoka kila nyumba, aingie ofisini kwa saa yake. Jibu la safari hiyo ni kweli kuliko la dalali.

Sasa fedha. Udalali wa mwezi mmoja ni desturi, na unalipwa mkataba ukishasainiwa. Kodi ombeni miezi sita, kwa sababu hamjapita msimu hata mmoja ndani ya nyumba hiyo. Lipeni benki au kwenye simu, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba na kwenye hati ya nyumba. Mkioneshwa karatasi za zamani za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, msishtuke, si lazima ziwe za kughushi: mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Thibitisheni ofisi ya ardhi ya Jiji. Siku ya kukabidhiwa funguo, pigeni picha mita ya maji, mita ya umeme, kila koki na kila kioo, na mwenye nyumba atumiwe picha hizo siku ileile.

SWALI: Tunarudi kutoka Stuttgart Novemba. Tuna friji, mashine ya kufulia, gari na vyombo vya jikoni. Tulete vipi, tuache vipi? (Wafungashaji)

JIBU: Gari liuzeni huko. Usukani wake uko kushoto na huku tunaendesha kushoto mwa barabara.

Vifaa vya umeme vya Ujerumani vinafaa, kwa sababu ni volti 230 na hezi 50 kama hapa. Kinachogoma ni plagi. Msitumie vigeuzi vya plagi kwa vitu vinavyopasha moto. Mguso wake ni mdogo, unachemka na plastiki inayeyuka. Kateni plagi ya duara, fungeni ya miguu mitatu bapa: waya wa kahawia kwenye L, wa bluu kwenye N, wa kijani na njano kwenye alama ya ardhi. Fyuzi ya ampea 13 kwa jagi na mashine ya kufulia, ampea 3 kwa taa. Friji ipite kwenye kifaa cha kulinda volti kinachochelewesha umeme dakika tatu hadi tano baada ya kurudi. Kompresa ikiwashwa kabla gesi haijatulia ndani yake, inakwama na kuungua.

Mashine ya kufulia ndiyo yenye mtego. Nyingi huhitaji msukumo wa maji wa angalau bar 0.5, ulioandikwa kwenye kitabu chake kama 0.05 MPa. Kila mita moja kutoka usawa wa maji tangini hadi mashine huleta bar 0.1 tu. Tangi lililo mita tatu juu linatoa 0.3, mashine itasubiri maji, itaonesha alama ya kosa na kusimama katikati ya kufua. Kama nyumba mtakayopanga haina pampu ya kusukuma maji ndani, iacheni huko.

Kwa forodha, sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru vyombo vya nyumbani vilivyotumika vya mtu anayehamisha makazi, ila viingie ndani ya siku 90 tangu mfike. Kamishna anaweza kuongeza muda, usizidi siku 360. Meli zinachelewa, basi pakieni kabla ya kuruka. Bebeni orodha yenye kila kitu na thamani yake, na uthibitisho wa makazi ya huko. Ile karatasi ya Abmeldebescheinigung, yaani cheti cha kujiondoa kwenye daftari la wakazi wa huko, inaombwa kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada. Bila hiyo hata ada ya redio na televisheni huenda ikaendelea kudaiwa. Nakala yake itunzeni: atakayeomba kurudishiwa michango ya pensheni husubiri miezi 24 tangu kuondoka, hurudishiwa sehemu aliyokatwa yeye tu, na akishaichukua haki ya pensheni ya miaka hiyo inafutika. Pigeni hesabu kwanza.

SWALI: Tuna chumba kimoja cha ziada na tangu tufike hakijakaa tupu. Kila ndugu mwenye shughuli wizarani anafikia kwetu. Mume wangu anaona aibu kusema. Tufanyeje? (Mama mwenye nyumba, Kisasa)

JIBU: Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, kutoka Dar ni saa chache tu, na mwenye nyumba Dodoma amekuwa mwenyeji wa ukoo. Mgeni msimfukuze. Mume na mke kubalianeni idadi ya siku kabla ya simu kuingia, na mume ndiye awaambie ndugu zake, wewe wa kwako. Mgeni akiuliza kama mpo, ulizeni papo hapo: "Shughuli yako ni siku ngapi?" Swali hilo halina ukali. Na mwambieni siku ya maji. Kila mgeni ni lita 80 za ziada kwa siku. Wageni wawili kwa siku nne ni lita 640. Ndoo na kata bafuni badala ya shawa hupunguza karibu nusu, na watu wetu wamezoea.

SWALI: Tuna akiba ya euro. Tununue kiwanja mara tu tukifika? (Wenye haraka)

JIBU: Subirini masika moja. Kiwanja kinachopendeza Agosti kinaweza kuwa njia ya maji Februari, na hilo huonekana kwa macho tu mkisimama hapo siku ya pili baada ya mvua kubwa. Tazameni mifereji iliyochimbwa na maji, na udongo unaonasa kiatu: udongo wa mfinyanzi mweusi hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na msingi wa kawaida hupasuka nao. Mkikipenda, ombeni upekuzi rasmi, yaani kutazamiwa kwenye kumbukumbu mmiliki ni nani, ofisi ya ardhi ya Jiji kwa namba ya kiwanja na kitalu, kisha mpima ardhi awaoneshe mawe ya mipaka yote na kulinganisha na ramani ya upimaji. Anayesema "upimaji uko njiani" anauza shamba. Na ulizeni bomba kuu la maji liko mita ngapi kutoka hapo, kwa sababu bomba la kuliunganisha hadi kwenu, na mtaro wake, ni gharama ya mnunuzi.