Hesabu mita za kupanda, acha kilomita

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mwenye baiskeli ya kawaida anayetaka kuzunguka siku kadhaa katika nchi ya vilima na vijiji vya kale ajiandae vipi, na ni kitu gani hasa kinachokatisha safari za namna hiyo? Kwangu jibu ni gia nzito, yaani inayodai nguvu nyingi kila unapozungusha pedali. Pancha ina dawa yake njiani, mvua ina koti lake, lakini gia nzito ukiondoka nayo nyumbani utarudi nayo, tena ukiwa umeshika magoti.

Wengi huogopa mlima mrefu. Mlima mrefu mara nyingi una barabara iliyopimwa, mwinuko wake ni wa asilimia 5 au 6 (mita 5 au 6 za kupanda kwa kila mita 100), na mtu akishapata mwendo wake anatulia nao. Vilima vifupi ndivyo vinavyomaliza watu. Njia za zamani zilikatwa kwa ajili ya miguu na wanyama, hazikupinda kutafuta unafuu, kwa hiyo unakutana na asilimia 12 au 15 bila onyo. Ukishafika juu unashuka, na kule chini kuna kona na daraja jembamba. Kasi yote uliyoipata inaishia kwenye breki, na kilima kinachofuata unakianza karibu kutoka sifuri.

Tupige hesabu. Mtu, baiskeli na mizigo, jumla kilo 110, mwinuko wa asilimia 8. Sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ina meno 34, ile kubwa kabisa ya nyuma ina meno 28, na mzunguko wa gurudumu ni mita 2.1. Kila ukizungusha pedali mara moja unasogea mita 2.55. Ukinyonga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 9 kwa saa, na kuinua uzito huo peke yake kunadai wati 220. Mtu asiye mwanamichezo anaweza kutoa nguvu hiyo kwa dakika chache, si kilima baada ya kilima kutwa nzima. Sasa weka meno 26 mbele na 36 nyuma. Mzunguko mmoja unakuwa mita 1.5, mwendo kilomita 5.5 kwa saa, na nguvu inashuka hadi wati 130. Kilima ni kilekile na miguu ni ileile. Chini ya kilomita 5 kwa saa baiskeli yenye mizigo inaanza kuyumba. Hapo shuka usukume, hupotezi muda wowote wa maana.

Wasafiri wa baiskeli waliyajua haya mapema kuliko wakimbiaji wa mashindano. Mfaransa Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyeandika kwa jina la Vélocio na kufariki mwaka 1930, alipigania gia za kubadilisha miaka mingi wakati wakubwa wa mbio wakiziona ni za wanyonge. Mashindano ya Tour de France yaliruhusu vibadili gia, vile vifaa vya kuhamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, mwaka 1937 tu. Hata leo madukani baiskeli nyingi hutoka na gia za mtu anayekimbizana, kisha mnunuzi anazifungia mikoba minne.

Kuweka gia nyepesi kuna mtego wake. Kibadili gia cha nyuma kina kikomo: kama kimeundwa kwa sproketi ya meno 28 au 30, ukifunga ya 36 kigurudumu chake cha juu kitasugua meno. Muulize fundi mambo mawili: sproketi kubwa kabisa ambayo kibadili hicho kinaimudu, na jumla ya tofauti ya meno, mbele na nyuma, ambayo kinaweza kukaza cheni yake. Cheni nayo irefushwe. Iliyo fupi, siku utakapoteleza ukaweka sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, itang'oa kibadili gia chote. Mara nyingi njia rahisi zaidi ni kuacha nyuma kama kulivyo na kufunga sproketi ndogo zaidi mbele. Utapoteza kasi kidogo kwenye mteremko, ambako hata hivyo hukupaswa kuwa unanyonga.

Na ukishakuwa na gia nyepesi, linda kile kipande cha chuma laini kinachoshika kibadili gia kwenye fremu, mafundi wengine hukiita sikio. Baiskeli yenye mizigo ikiegemezwa ukuta wa mawe ikaanguka upande wa cheni, sikio linapinda milimita chache tu, kwa macho huoni kitu. Gia za katikati zinafanya kazi kama kawaida. Unakuja kugundua kwenye kilima kikali cha kwanza, unapoomba gia nyepesi kuliko zote: kibadili kinaingia kwenye spoku, cheni inakatika au gurudumu linaharibika. Kwa hiyo baiskeli ikianguka upande huo, inyanyue gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, ingiza gia nyepesi taratibu ukiangalia kutoka nyuma kama kibadili kimesimama wima. Beba sikio la akiba. Halizidi ukubwa wa kidole, lakini kila fremu ina la kwake, huwezi kulipata kijijini.

Sasa kupanga siku. Kilomita zinadanganya. Kwa mtu mwenye mwendo wa kilomita 18 kwa saa kwenye tambarare, kila mita 100 za kupanda huongeza kama dakika 10, hata ukiondoa muda unaoukomboa kwenye kushuka. Siku ya kilomita 60 yenye mita 900 za kupanda ni saa 3 na dakika 20, jumlisha saa 1 na nusu. Karibu saa 5 za kunyonga kabla hujasimama kula wala kupiga picha. Kwa wanaoanza, hiyo ni siku kamili, na siku ya pili ipunguzwe. Angalia pia ramani yenyewe: ile yenye mistari ya kontua (ya kuonyesha kimo cha ardhi) ya kila mita 20 inaweza kukificha kabisa kilima cha mita 15. Vilima 30 vya namna hiyo ni mita 450 ambazo hukuziweka kwenye hesabu.

Kisha tazama kijiji cha kulala kimekaa wapi. Vijiji vya kale vilijengwa juu kwa ajili ya ulinzi au bondeni kwa ajili ya maji na daraja. Montepulciano, Italia, iko juu ya tuta, mita 605 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo siku inaishia kwa kupanda. Castle Combe, Uingereza, iko bondeni kando ya kijito, kwa hiyo siku inaanza kwa kupanda, misuli ikiwa baridi. Nachagua cha pili. Kilima cha asubuhi unakikuta umelala na umekula. Cha jioni unakikuta maji yamekwisha.

Maji yawe lita 2 kuanzia asubuhi, na chakula cha wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa, kuanzia saa ya kwanza. Anayengoja njaa kwenye vilima amechelewa. Usitegemee kwamba kila kijiji chenye kanisa zuri kina duka.

Mawe ya mitaani ndiyo yanayoamua tairi. Tairi za milimita 28 zinafaa lami. Kwenye mawe ya duara na barabara za changarawe weka 38 hadi 42, fremu ikiruhusu, ukiacha nafasi ya milimita 5 kila upande. Upepo kwa uzito ule wa kilo 110: nyuma PSI 45 hadi 50, mbele 35 hadi 40. Ukijaza hadi PSI 80 baiskeli inadunda juu ya mawe badala ya kuyapita, na boliti zinalegea moja baada ya nyingine. Mawe yaliyolainishwa na nyayo za karne kadhaa, yakilowa, yanateleza kama sabuni: piga breki kabla ya kuyafikia, yapite ukiwa umenyooka, usikate kona juu yake. Mfereji wa maji unaopita katikati ya mtaa ukatize kwa pembe iliyo karibu na pembe mraba, usiufuate sambamba.

Pancha, kama nilivyosema, ina dawa, ila lazima usome tundu kabla ya kuliziba. Matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka, maana yake upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana tyubu kwenye jiwe. Kosa ni la pampu. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kigae, na huenda bado kimo ndani ya tairi, kwa hiyo pitisha kitambaa ndani mzunguko mzima, kitanasa. Tundu upande wa ndani ni kichwa cha spoku, utepe wa rimu umesogea. Tyubu ikichanika kwenye mzizi wa valvu, tairi lilikuwa na upepo mdogo likazunguka juu ya rimu wakati wa breki kali. Hiyo haizibiki, weka mpya. Fundi makini hufunga tairi maandishi yake yakiwa mkabala na valvu, ili tundu kwenye tyubu limwoneshe mahali pa kutafuta kwenye tairi. Kisha msasa, eneo pana kuliko kiraka, ukiulainisha ule mshono wa tyubu kama unapita hapo. Solusheni nyembamba, na usubiri kama dakika 5 hadi mng'ao wake usionekane tena. Viraka vingi vinavyobanduka ni vya watu waliobandika solusheni ikiwa bado mbichi.

Breki za rimu kwenye kushuka: usizisugue polepole kilima kizima, rimu itapata moto. Bana kwa nguvu, achia, bana tena. Pedi za diski zilizobaki chini ya milimita 1 zibadilishwe kabla ya kuondoka.

Mizigo kilo 12 hadi 15, zaidi ya hapo unabeba wasiwasi tu. Usiirundike yote nyuma. Gurudumu la mbele litanyanyuka kwenye mwinuko mkali, na usukani utatikisika unaposhuka kwa kasi. Weka kama theluthi mbele, chini kabisa. Gurudumu la nyuma liwe na spoku 36, na beba 2 za akiba za urefu wa upande wa sproketi, ambako hukatika zaidi.

Cheni ipime kabla ya safari: pingili 12 kamili, yaani jozi 12 za nje na ndani, zinapaswa kuwa inchi 12. Ikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, badilisha. Ikifika moja ya nane, sproketi za nyuma nazo zimeliwa.

Kila jioni shika keria uitikise. Boliti zake, kwa kawaida za M5 (unene wa milimita 5), ndizo za kwanza kulegezwa na mawe, na ile ya chini ikidondoka mkoba unaingia kwenye spoku. Zipake gundi ya nati wakati wa kufunga. Za akiba usizitie mfukoni: zifunge kwenye matundu ya fremu yasiyo na kishikio cha chupa, ndipo zitakuwepo siku zikihitajika.