Jibu: Utandawazi unamgusaje mkulima wa Kigoma?

Mkuu, umeuliza utandawazi unamhusu nini mkulima wa Kigoma asiye na hata simu janja. Anza na mawese. Mchikichi asili yake ni Afrika; Waholanzi walipanda miche minne tu pale Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Leo Indonesia na Malaysia zinatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani, na sisi tunaagiza kutoka huko!

Sababu ya kuagiza si uvivu, kama wengine wanavyodai humu. Pasua chikichi yetu ya zamani uone: gamba nene, nyama kiduchu. Ile chotara, tenera, gamba lake jembamba, mafuta yamejaa. Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Kigoma, wanazalisha mbegu hizo, ila mche unahitaji miaka kama mitatu kabla ya kuzaa.

Siasa nazo zimo. Aprili 2022 Indonesia ilizuia kuuza mawese nje kwa wiki tatu hivi, bei zikapanda duniani kote. Uamuzi wa Jakarta huo, wala Bunge letu halikuulizwa.

Utamaduni sina hofu nao sana. Migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) ya mawese bado haina mpinzani, labda kwa wale waliohamia Dar.