Mwalimu Mstaafu Anajibu: Harambee, elfu kumi kwa kila mtoto, au korosho?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi huku Tandahimba. Shule ina wanafunzi 412, wasichana 208 na wavulana 204, na matundu ya choo 6 tu. Kamati imegawanyika. Wako wanaotaka harambee mwezi Juni, tumwite mgeni rasmi. Wengine wanasema kila mzazi atoe 10,000 kwa kila mtoto. Mimi naona tukate kidogo kwenye korosho kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, lakini naambiwa nitagombana na wakulima. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba, mwenyekiti. Tuanze na hesabu. Mwongozo wa nchi yetu unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwenu hiyo ni 11 na 9, jumla 20. Mmepungukiwa matundu 14. Mkienda mbele ya wanakijiji, semeni 14. Mtu akisikia "maendeleo ya shule" anaangalia saa. Akisikia tundu la choo anajua anachangia nini.

Hilo la elfu kumi kwa kila mtoto lifuteni kwenye muhtasari. Tangu 2016 elimu ya msingi ni bila malipo, mchango ni wa hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Hata kama sheria ingeruhusu, tazama nani analipa. Mjane mwenye wajukuu wanne shuleni atadaiwa 40,000. Mwenye mikorosho mia tano, ambaye watoto wake wanasoma bweni Masasi, hatoi hata senti.

Harambee naijua vizuri, nilifanya moja mwaka 2009 nikiwa mwalimu mkuu. Tuliweka mahema, spika, pilau la watu mia mbili, kitenge cha mke wa mgeni rasmi. Matumizi yalifika 780,000. Ahadi zilisomwa kwenye kipaza sauti, milioni 4 na laki mbili, watu wakapiga vigelegele. Fedha taslimu mezani jioni ile ilikuwa 910,000. Nilizunguka na daftari la ahadi mwaka mzima nikapata laki sita nyingine, na maadui watatu. Mgeni rasmi mwenyewe sikumpata tena kwenye simu. Tulinadi na jogoo, kila anayemnunua anamrudisha anadiwe upya, mara sita, kisha akakata kamba akakimbilia kwenye mikorosho. Kwa kweli jogoo ndiye aliyeleta fedha nyingi siku ile.

Na Juni! Mwezi huo kila mwenye shamba anahangaikia salfa ya kupulizia mikorosho na vibarua. Fedha ya kijiji chenu inaonekana minada ikianza, Oktoba kwenda Desemba. Ukiomba Juni utapewa ahadi, kwa sababu ndicho watu walichonacho.

Kwa hiyo niko upande wako, mwenyekiti. Tuseme chama chenu cha msingi kinapeleka ghalani tani 150 kwa msimu. Makato ya shilingi 20 kwa kilo yanaleta milioni 3. Mwenye kilo 400 anachangia 8,000, mwenye kilo 3,000 anachangia 60,000, na hakuna anayemgongea mwenzake mlango. Ugomvi unaouogopa huja pale makato yanapoamuliwa na watu watano ofisini, mkulima akayaona kwa mara ya kwanza kwenye malipo yake. Pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu wa AMCOS kabla ghala halijafunguliwa, wakulima wakubali wenyewe, iandikwe kwenye muhtasari kwamba ni msimu mmoja na ni matundu 14. Afisa Ushirika wa wilaya ajue mapema. Wanaouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, watawakwepa, hilo halina dawa. Hao wahesabuni kwenye nguvu kazi.

Nguvu kazi isingoje Oktoba. Nyinyi mko juu kule kwenye uwanda wa Makonde, maji mnayajua yalivyo. Tofali za saruji zinataka kumwagiliwa kila siku kwa wiki nzima. Fyatueni mvua zikielekea kuisha, mkiwa bado na maji ya kukinga kwenye mabati. Kiangazi ndoo mtainunua, na fedha ya choo itaishia kwenye maji. Mashimo yachimbwe ardhi ikishakauka, yasije yakabomoka.

Wenyeji wenu walioko Dar es Salaam msiwaombe fedha, waombeni vitu: mabati, milango, masinki ya choo. Anayelipia apelekewe picha ya risiti siku hiyo hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja akishaona risiti ya mwenzake, wa pili hasukumwi.

Fedha yote iingie akaunti ya shule, na jumla isomwe kila mkutano wa kijiji. Walimu wasishike mchango wa mtu. Nasema hivyo nikiwa mwalimu: siku shilingi elfu tano ikipotea, atakayesemwa ni mwalimu, hata kama aliyeipoteza ni mweka hazina.

Jambo la mwisho, kabla hamjapitisha bajeti waulizeni wasichana wa darasa la sita na la saba milango itazame wapi. Sisi hatukuuliza. Tulijenga milango ikitazama uwanja wa mpira, na vile vyoo vilikaa vipya mwaka mzima, wasichana hawaingii, mpaka tulipotafuta fedha nyingine ya kujenga ukuta.