Re: Kwenye kipilefti nani anaanza kupita?

Mkuu, umeuliza nani ana haki ya kupita, aliye ndani ya kipilefti (ule mzunguko wa makutano ya barabara) au anayeingia. Aliye ndani. Sisi Bongo tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari linakujia kutoka kulia: mpishe, nafasi ikipatikana ingia. Daladala nyuma yako itapiga honi, iache ipige. Fika ukiwa gia namba mbili, ukisimama kabisa rudi namba moja. Indiketa ya kushoto washa ukishapita tu barabara iliyo kabla ya yako, kisha cheki saitimira ya kushoto, maana bodaboda hupenya huko huko. Mimi nilimkosakosa mmoja wiki ya kwanza, kibao cha L cha dereva mwanafunzi bado kipya. Trafiki akiwepo katikati, fuata mkono wake tu.